Aliyepita Kituo cha Pili

Kuna karatasi iliyosema kwamba rafiki yangu alipita kituo cha pili akiwa mzima, juu ya baiskeli yake. Hakupita. Aliyesababisha iandikwe hivyo namjua, na waliojificha nyuma yake nawajua, na hapa nitawasema wote, kila mtu kwa kazi yake. Majina nayaacha. Majina hayamrudishi mtu.

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la sita, Mombasa, nikaenda kusambaza mikate kwa baiskeli huko Kisauni, kikapu mbele, kikapu nyuma. Kuandika nilizoea ukubwani, kwenye vile vikaratasi tulivyofunga kwenye usukani wa baiskeli za wateja kwenye duka nililofanyia kazi Houston, Marekani: breki ya nyuma, cheni mpya, rimu imepinda. Basi mkikuta sentensi yangu imepinda, inyoosheni wenyewe.

Siku hizi mbio za baiskeli za milimani zikionyeshwa kwenye televisheni, nazima. Wanazunguka kiduara kifupi kama ngamia wa kinu cha mafuta. Kila baada ya dakika chache mtu anapita mbele ya kamera. Mama yake anamwona, daktari anamwona, fundi yuko pembeni na gurudumu jipya mkononi. Enzi zetu, mwanzo mwanzo pale mchezo huu ulipoanza kuwa kazi ya kulipwa, ulipigiwa bunduki ya kuondokea, ukaingia kichakani, na hakuna aliyekuona tena mpaka saa nzima ipite, pengine mbili. Mzunguko mmoja mrefu. Ukipasukiwa na tairi ni wewe na Mola wako. Aliye nje ya mbio haruhusiwi kukugusa wala kukupa hata spana; akikugusa, umetolewa. Unamaliza na ulichoanza nacho. Tuliipenda sheria hiyo. Tuliiona ya kiume. Mpaka leo, pamoja na yote yaliyotokea, nikiikumbuka kifua kinajaa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Na zile baiskeli! Chuma kitupu, zimepakwa zambarau na kijani cha kasuku. Foki za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, zilikuwa na vipande vya mpira ndani. Baridi ya Januari ikiingia Dallas mpira unageuka jiwe, na joto likija unakuwa halua. Breki zilipiga kelele kama kuku aliyeona kisu. Udongo mweusi wa kule kaskazini, mvua ikiunyeshea kidogo tu, ulikamata magurudumu kama ugali uliokosa maji, ukabeba baiskeli begani badala ya baiskeli kukubeba wewe. Houston kwenyewe hakuna kilima. Mimi nilikaa Sharpstown, na mazoezi ya kupanda nikayafanya kwenye majengo ya kuegesha magari, Jumapili asubuhi ofisi zikiwa zimefungwa: ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa, nashuka, napanda tena. Walinzi walinizoea. Mmoja Mkongo alikuwa akiniuliza kila wiki, "Ndugu, kule yulu unafwata nini?" Namjibu huko juu nafuata njaa.

Rafiki yangu nilikutana naye Richardson, kando ya Dallas, nje ya msikiti, baada ya swala ya Idi. Nilikuwa nimetoka Houston na baiskeli iko juu ya gari, maana mchana nilitaka kwenda kufanya mazoezi kando ya ziwa. Nikamkuta mtu wa rika langu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kainama anaitazama foki yangu.

"Assalaamu alaykum. Hii ina miguu ya pikipiki?"

"Waalaykumu ssalaam. Inajikunja ikipiga jiwe."

"Na weye ukipiga jiwe, wajikunja?"

Mzanzibari, nilijua hata hajamaliza kusema. Kwao alikuwa akipeleka barafu kwa baiskeli, kutoka mjini mpaka Mwera, akikimbizana na jua. "Ukichelewa, wafika na maji," alinambia, "na maji hayanunuliwi." Hapa alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, akikaa Euless na dada yake mkubwa, mwuguzi wa nyumba ya wazee. Nilimpandisha baiskeli yangu siku ile ile, na kanzu yake akaikunja kiunoni. Alikaa wima kama mtu aliyebeba barafu nyuma, hakuinama hata kidogo. Akakipanda kilima changu upesi kuliko mimi mwenyewe.

Sasa mwenye duka, wa kwanza katika orodha yangu. Alikuwa ndiye bosi wangu Houston. Alipomwona yule mtu akipanda, akatufanya timu ya watu wawili, akatutafutia leseni za wapanda baiskeli wa kulipwa na fulana za njano ya kiini cha yai, ambazo katika mbio zote za Texas tulikuwa nazo sisi wawili tu. Lakini alikuwa na wazimu wa uzito. Mmoja abebe pampu, alisema, mwingine abebe tyubu za akiba na viraka. Kwa nini mbebe mara mbili? Mkae pamoja tu. Nilimwambia pampu ni nyepesi. Akanijibu kuwa wepesi ni mazoea.

Rafiki yangu alilifanya mzaha. "Sisi tumeoana, fundi. Weye una pampu, miye nna tyubu. Tukiachana hatuna nyumba."

"Nani mume?"

"Mwenye pampu. Lakini watu wa Mombasa nyie maneno mengi, miguu haba. N'takuacha ukae eda."

Tulikuwa na desturi nyingine, na hii nataka ieleweke vizuri. Njiani palikuwa na vituo ambapo watu wa kujitolea waliandika namba za waliopita. Namba zetu zilikuwa mbele ya usukani, na tope au vumbi likizifunika hawazioni. Halafu Kiingereza cha rafiki yangu kiliwafanya watu waseme, "Nini? Rudia." Kwa hiyo mimi nilizitaja zote mbili. Nikifika, yeye yupo mbele yangu au nyuma yangu hatua kumi, napaza sauti: ishirini na nane, ishirini na tisa! Wanaandika zote mbili. Misimu miwili tulifanya hivyo na hakuna aliyetukataza.

Zile mbio zilikuwa kwenye ranchi, kusini-magharibi mwa Fort Worth, katikati ya kiangazi. Mpangaji wa mbio ndiye wa pili katika orodha. Tulipangiwa kuondoka saa tatu asubuhi. Watu wa kamera wakachelewa, na yeye akatusogeza mpaka saa saba mchana, joto limeshapita mia kwa hesabu ya huku. Wanawake na chipukizi walikuwa wameshakimbia na kumaliza asubuhi. Sisi wa kulipwa ndio tuliowekwa juani ili tuonekane vizuri. Pia kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kufuata nyuma ya mbio, wa mwisho kabisa, kuokota walioanguka. Mpangaji akamtoa akampeleka kuongoza magari. Nilisikia kwa masikio yangu akisema, "Vituo viwili vinatosha."

Tukaondoka. Kituo cha kwanza tulipita pamoja, nikataja namba zote mbili, na zilikuwa kweli. Mbele yake ni mawe ya chokaa meupe na miti ya mierezi mifupi isiyo na kivuli cha kumfaa mtu. Nyenze walikuwa wakilia mpaka unahisi sauti inatoka ndani ya meno yako. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu. Nikasikia amegonga jiwe, akasema, "Nenda, naja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikaenda.

Nilipotazama nyuma, hayupo. Sikushtuka. Pale njia hugawanyika mbili kuzunguka miti, kisha hukutana tena, na mara nyingi alikuwa akinizunguka hivyo anitokee mbele ili anicheke. Nikasikiliza. Na kweli, mbele yangu, nikasikia friwili yake.

Friwili ni kile kinachotikatika ndani ya gurudumu la nyuma ukiacha kukanyaga. Yake niliifungua kwa mkono wangu, nikatoa grisi yote nikatia mafuta mepesi, maana alitaka ipige kelele. Hakuna nyingine iliyosikika vile. Mwenye mtoto anajua kikohozi cha mwanawe. Mimi niliijua friwili ile. Ilikuwa mbele, kona moja. Kisha nikaona njano.

Kwa muda ambao sijui ni dakika ngapi, nilimfuata. Kila nikiingia kona, yeye anaimaliza kona inayofuata. Kwenye miinuko hakusimama juu ya pedali, alikaa wima vile vile, mikono yake karibu haigusi usukani. Nikamwita. "Shekhe! Punguza, wewe hukubeba barafu!" Hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, akauacha pale muda mrefu kupita mtu anayesalimia tu.

Kuna jambo nililiona nikalishukuru, Mungu anisamehe. Mtu akiwa mbele yako kwenye chokaa kavu unakula vumbi lake. Meno yanasaga mchanga, macho yanachoma. Mimi nilikuwa nikipumua hewa safi. Nikasema alhamdulillahi, leo upepo uko upande wetu. Hapakuwa na upepo. Majani ya mierezi yalikuwa yamesimama kama yamechorwa.

Penye mti mmoja uliopigwa na radi akakunja kulia. Nikafika pale, mshale wa njia unaonyesha kushoto. Nikafuata mshale. Sikumwona tena.

Kituo cha pili alikuwapo mwanamke wa makamo chini ya mwavuli, anajaza vikombe vya maji, kichwa ameinamisha. Nikataja namba kama kawaida, zote mbili, nikaongeza kuwa mwenzangu yuko mbele kidogo.

"Wa njano?" aliuliza.

"Wa njano."

"Ah, ndiyo, njano nimeiona," akasema, na akaandika. Baadaye alipoulizwa tena alilia akasema aliona njano mara moja tu, na kwamba ilikuwa mimi. Huyo simtii kwenye orodha. Aliandika alichoambiwa.

Nilimaliza wa nane. Sijawahi kumaliza wa nane maishani, na wala sikuwahi tena. Watu waliokuja na mabasi yao kutoka majimbo ya milima walikuja kunishika mkono. Dada yake rafiki yangu alikuwapo, amechukua ruhusa kazini, na birika la maji ya ukwaju na chupa mbili za barafu. Akanimiminia kikombe.

"Hongera mdogo wangu. Mwenzio yuko wapi?"

Mimi nina furaha, pumzi sina, maneno yakanitoka mafupi. "Katangulia, dada."

Birika likamwanguka. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Inna lillahi! Lini? Wapi? Nani kakwambia?"

Wallahi nilicheka. Tulikuwa tumesimama na Waswahili wengine watatu waliotoka Euless kuja kutushangilia, na wote walicheka, mmoja akashika tumbo. "Dada, dada, tulia! Mbele ya mbio, si mbele ya haki! Yu hai, kakimbia tu, keshamaliza."

Naye akafuta macho, akacheka kidogo, akanipiga begani. "Mshenzi weye. Maneno yapime kabla hujanitupia." Kisha uso wake ukabadilika pole pole. "Kamaliza wapi? Miye nimesimama kwenye kamba hii tangu wa kwanza hajafika. Hajapita."

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Tukaenda kwa mpangaji wa mbio. Yule dada kazi yake ni kuangalia wagonjwa, alijua joto linamfanya nini mtu, na alimweleza taratibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Akajibiwa kwa karatasi. Huyu kaandikwa kituo cha pili, alisema mpangaji akigonga mstari kwa kalamu, basi yuko kati ya cha pili na mwisho. Akatuma watu wawili huko. Njia ya huko ni fupi, imeteremka, inapita karibu na barabara. Walirudi mikono mitupu. Akawatuma tena huko huko.

Na mimi sasa nafika mahali pangu kwenye orodha. Mimi ni wa tatu, na kama orodha ingepangwa kwa uzito ningekuwa wa kwanza. Nilijua sikumwona uso. Nilijua kilichonipa haki ya kuitaja namba yake ni mazoea tu. Na nilijua kuwa kumtajia namba mtu asiyekuwapo ni udanganyifu, unatolewa kwenye mbio, na mimi nilikuwa wa nane. Nilisimama pale na fulana imekauka chumvi, nikamwambia mpangaji, "Labda alirudi nyuma. Mtafute na huko." Nilidhani nimepata njia ya kumwokoa bila kujitaja. Mpangaji akaniuliza: arudi nyuma kwa nini? Unasema watu wangu wameandika uongo? Nikasema hapana.

Muda wa karibu saa mbili ulipotea hapo. Dada yake alikuwa akitembea kwenye kamba, huku na huku, ananiuliza jambo moja. "Lakini ulimwona?" Namjibu, "Nilimwona, dada." Na sikuwa nadanganya.

Aliyempata ni fundi wa ua wa ranchi, Mmeksiko, aliyekuwa akikaza waya wa miba na hakujua hata kama kuna mbio. Alimkuta chini kwenye kijito kilichokauka, karibu saa kumi na mbili za jioni, jua bado kali. Tairi la mbele lilikuwa limefunguliwa, tyubu mpya imetiwa ndani vizuri, haina pumzi. Nyingine alikuwa ameivaa shingoni. Alisukuma baiskeli akinitafuta mwenye pampu, kisha akateremka kijitoni kutafuta maji, na maji hayakuwapo. Alikuwa ameshakata roho. Kwenye usukani alikuwa na kimashine kidogo cha kuhesabu maili, na hicho kilionyesha wazi: maili zake hazikutosha kumfikisha kituo cha pili. Mpangaji akasema vimashine hivyo huharibika.

Tulimwosha kesho yake, watu wanne. Mkono wa kulia ulilala. Wa kushoto ulikuwa umekakamaa juu ya kichwa, na mzee aliyetuongoza akaukanda kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu, akiusemesha kama unavyomsemesha mtoto, mpaka ukashuka. Wenzangu hawakujua kuwa mkono ule nilishauona.

Wiki tatu baada ya maziko dada yake akanipigia simu nije Euless. Kwenye meza palikuwa na barua ya watu wa mbio pamoja na nakala ya ile karatasi. Akanisomea, maana anajua kusoma kwangu. Barua ilisema marehemu alipita kituo cha pili, kisha, kwa maelezo ya mwenzake wa timu, akarudi nyuma kwa hiari yake, akaacha njia ya mbio. Kwa hiyo hawana la kujibu.

"Kwa hiari yake," alisema. "Miye nimemlea huyu. Ikiwa alirudi, alikuwa kesharukwa na akili, na nataka kujua tangu lini. Ikiwa hakurudi, basi nani alipita pale kwa namba yake?"

Maneno yangu mwenyewe, yameandikwa kwa mashine, yana muhuri. Nikamwambia. Namba nilizitaja mimi. Kurudi nyuma nilikubuni mimi. Wa nane nilikuwa mimi.

Hakunipiga wala hakunifukuza. Afadhali angefanya hivyo. Alikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile.

"Lakini ulinambia ulimwona."

"Nilimwona."

"Uso?"

"Mgongo. Na friwili niliisikia."

"Basi nipeleke," akasema. "Nionyeshe ulipomwona."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Yule fundi wa ua alitufungulia lango, akavua kofia. Kamba na mishale vilikuwa vimeondolewa lakini njia ilionekana, imechimbika na matairi. Dada alivaa raba za kazini na baibui kaikunja mkononi. Tulipita alipogongea jiwe. Tukafuata kona moja moja, nikimwonyesha: hapa, na hapa, na hapa aliinua mkono. Nyenze walikuwa wakilia, na tulipofika kwenye mti uliopigwa na radi nikaona kama wamenyamaza, lakini labda ni masikio yangu.

"Hapa akakunja kulia," nikasema, "na mimi nikafuata mshale, kushoto."

"Kulia kuna njia?"

Nikatazama. Hapakuwa na njia. Palikuwa na vichaka vya miba, vimefungana, hata mbuzi asingepita achilia mbali baiskeli, na nyuma yake ukingo. Fundi wa ua alikuja nyuma yetu akanyoosha kidole pale pale. Huko chini, akasema kwa Kihispania na kwa mikono. Hatua hamsini, sitini. Kijito kinazunguka ranchi yote, kinapita nyuma ya kituo cha kwanza kisha kinakuja kupinda hapa chini. Kule tulikopita tumepanda na kuzunguka kwa zaidi ya nusu saa, na mtu aliyefuata kijito kwa miguu angefika hapa upesi. Huko chini ndipo alipomkuta rafiki yangu.

Dada yake alisogea mpaka ukingoni akatazama chini. Mimi sikuthubutu. Nilibaki nimeushika ule mti, na mkaa wake ukanichafua viganja.

"Alikuwa yu hai wakati ule?" nikamuuliza. "Wewe unajua haya mambo. Wakati napita hapa, alikuwa yu hai?"

"Kwa saa unazozitaja," akasema bila kugeuka, "yumkini alikuwa hai."

Tulirudi kwenye gari, tukaingia barabara kuu. Kisha akaniambia, bila hasira, kama anayempangia mgonjwa dawa: "Jumatatu twaenda ofisini kwao. Utasema ulitaja namba ambayo hukuiona. Basi. Hayo ya friwili, hayo ya mkono, hayo ya kulia na kushoto, yaache. Watatwambia tuna wazimu, na karatasi itabaki vile vile. Miye nataka ile karatasi iseme kweli. Ndugu yangu hakurudi nyuma."

Jumatatu tukaenda. Mpangaji wa mbio alikuwapo na mwanasheria wake na mtu wa chama cha mbio za baiskeli anayesimamia leseni. Mwenye duka aliombwa aje kueleza habari ya pampu. Hakuja, akatuma salamu za rambirambi. Nikasema kwa Kiingereza changu cha Sharpstown. Nilipofika pale pa kuzitaja namba mbili, niliona mabega ya mpangaji yakishuka kwa raha, kama mtu aliyetuliwa gunia. Alinishukuru kwa ukweli wangu. Tangu siku hiyo, popote alipoulizwa, alijibu kwamba msiba ule uliletwa na mwenzake wa timu, na habari ya saa saba mchana, na habari ya yule mtu wa nyuma aliyepelekwa kuongoza magari, hazikuandikwa popote. Leseni yangu niliiweka mezani kabla hawajaiomba. Nafasi ya nane akapewa wa tisa.

Mtu wa chama akaitoa karatasi yenyewe. Akaweka rula juu ya mstari wa ishirini na tisa, namba ya marehemu, akaukata kituo cha pili kwa wino mwekundu, akatia sahihi pembeni, akamgeuzia dada aone. Dada alisoma kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha yule mtu akanigeukia mimi, kalamu bado mkononi, akaniuliza kama siku ile njiani, kati ya kituo cha kwanza na cha pili, niliona jambo lolote jingine ambalo lingefaa kuandikwa.

Dada alikuwa ananitazama. Nikasema sina jingine.